Tupandikize sato katika ziwa letu la ngege? Jibu kwa katibu wa BMU

Swali: Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) katika ziwa dogo mkoani Kagera. Lina hekta 60 hivi, kina chake kwa wastani ni mita 3, limezungukwa na mafunjo, na maji yake hutoka kwa kijito kimoja tu wakati wa masika. Tunavua ngege (perege wa asili wa huku), furu (samaki wadogo wa asili), kambare na kamongo. Miaka ya karibuni ngege wamekuwa wachache na wadogo kama kiganja. Mfanyabiashara ametuahidi vifaranga 20,000 vya sato tumwage ziwani, na baadhi ya wanachama wanataka tuongeze na sangara. Je, kuna madhara? Na kama yapo, tufanye nini ili samaki warudi?

Jibu

Msivipokee vifaranga hivyo, Ndugu Katibu. Sangara hahitaji mjadala mrefu. Sato ndiye anayehitaji maelezo, maana ni samaki mzuri, anauzika, ufugaji wake unahimizwa nchi nzima, na kwa sababu hiyo watu hawaoni ubaya wa kummwaga ziwani. Lakini katika swali lako kuna jambo lililonishtua kuliko huyo sato: ngege wamepungua na wamekuwa wadogo. Hapo uvuvi ndio uliozidi, wala hamjapungukiwa na aina ya samaki. Ukileta samaki mgeni juu ya uvuvi huohuo, utapata afueni ya miaka michache, kisha naye atakuwa kiganja, na ngege hatakuwepo tena wa kurudi.

Kosa hili limeshafanyika jirani yenu, na kwa sababu hiyohiyo. Nyavu za makila (zinazotegwa na kumnasa samaki kwenye mashavu) ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, upande wa Ghuba ya Winam, Kenya, na ngege ndiye aliyelengwa. Utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hilo, wa mwaka 1927 hadi 1928, ulikuta ngege wanaonaswa kwa kila wavu wameshapungua sana, ukapendekeza jicho la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Masharti yakawekwa, yakasimamiwa kwa kusuasua, na katika miaka ya 1950 yakalegezwa. Wavuvi wakashuka hadi macho madogo zaidi, wakawa wanavua ngege ambao hawajazaa hata mara moja. Ziwa lilipoonekana limechoka, dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuleta samaki wa nje: sato (Oreochromis niloticus) na jamaa zake watatu, Oreochromis leucostictus, Coptodon zillii na Coptodon rendalli. Sangara naye akaonekana upande wa Uganda katikati ya miaka hiyohiyo ya 1950, kisha akapandikizwa rasmi mwaka 1962 na 1963.

Hapo kuna somo la muda ambalo watu hulisahau. Kwa karibu miaka 20 sangara hakuonekana kuwa na neno. Alikuwepo, alivuliwa mmojammoja, na waliokuwa wameonya wakaonekana waoga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Aina za furu katika ziwa hilo zilikuwa zaidi ya 500, na inakadiriwa kwamba zipatazo 200 zilitoweka. Sangara hakufanya kazi hiyo peke yake: maji yalikuwa yanachafuka kwa mbolea na udongo wa mashambani, hewa ikapungua vilindini, na furu, ambao majike yao huchagua dume kwa rangi, wakashindwa kuonana vizuri katika maji machafu hivyo aina zikachanganyika. Ngege na mbiru (perege mwingine wa asili) nao wakatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, na hao hawakumalizwa na sangara tu. Sato alichukua nafasi yao.

Mtu wa haki atauliza: je, sangara hakuleta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni? Alileta. Sitaki kudanganya kwamba kila samaki aliyehamishwa ni balaa. Dagaa wa Tanganyika aina ya Limnothrissa alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, na kote huko uvuvi mkubwa umesimama juu yake. Lakini tazama mazingira yake. Kariba ni bwawa lililojengwa na watu, mto umegeuzwa ziwa, na samaki wa mtoni hawakujua kuyatumia maji ya katikati yaliyo mbali na ufuo. Nafasi ilikuwa tupu. Na hata hapo mambo hayakwenda kama yalivyopangwa: Kivu walipelekewa aina mbili za dagaa, moja ikafa, nyingine ikashika, na yule wa Kariba hakukaa Kariba, aliteremka na Mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Ziwa lenu halina nafasi tupu. Ngege anakula vijimea vidogo vinavyoelea majini, furu wamegawana wadudu, konokono na tope, na kambare na kamongo wanamla atakayezubaa.

Nimalizane na sangara. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800. Lenu lina 0.6, yaani linaingia humo zaidi ya mara laki moja. Sangara anaweza kufikia karibu mita 2 na kilo 200. Katika hekta 60 ataanza na furu, atakwenda kwa vifaranga vya ngege, kisha atakula watoto wake mwenyewe, na mtabaki na sangara wachache waliokonda wasioweza kulisha hata mwalo mmoja. Ziwa Nabugabo la Uganda, ambalo ni kubwa kuliko lenu mara nyingi, lilipandikizwa sangara mwanzoni mwa miaka ya 1960. Samaki wengi wa asili walitoweka katika maji ya wazi, wakanusurika wale walioweza kuishi ndani ya mafunjo, mahali ambapo hewa ni kidogo mno kwa sangara. Vijiziwa jirani, Kayanja, Kayugi na Manywa, vilibaki na samaki wao kwa sababu ya ukanda wa mafunjo unaovitenga. Kwa hiyo mtu akija na wazo la kuchimba mfereji kupitia mafunjo yenu ili mitumbwi ipite, mkatalieni. Mafunjo hayo ndiyo ukuta wenu.

Sasa sato. Ubaya wake hauko katika meno. Uko katika mambo matatu, na ninayapanga kwa uzito.

La kwanza, na ndilo lisilorekebishika, ni uchotara. Sato na ngege ni wa jenasi moja. Madume yote mawili huchimba mashimo ya mviringo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike huja, hutaga, huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo. Dume la sato ni kubwa na kali zaidi, linamfukuza dume la ngege kutoka mchanga mzuri, na jike la ngege likifika linamkuta mwenye shimo ni mwingine. Watoto wanaopatikana si tasa kama nyumbu; wanazaa, na wanazaa na pande zote mbili. Baada ya vizazi kadhaa unakuwa na ziwa la samaki wasiojulikana ni nani, na hakuna wavu wala sheria itakayomchuja ngege halisi kutoka humo. Katika Mto Kafue wa Zambia, sato waliotoroka kwenye mashamba ya samaki walichanganyika hivyo na aina mbili za asili, Oreochromis andersonii na Oreochromis macrochir. Hapa Tanzania uchotara umethibitishwa kwa vipimo vya vinasaba katika zaidi ya sehemu moja.

Baadhi ya wanachama watasema, basi akichanganyika si atakuwa mkubwa? Huenda kizazi cha kwanza kikakua vizuri. Lakini damu ya samaki wa asili ni mali hata kwa mfugaji. Tangu mwaka 1960 inajulikana kwamba perege wa Mto Wami, dume lake likizalishwa na jike la aina fulani ya jamaa zake, watoto huwa madume watupu, kitu ambacho wafugaji duniani wanakitafuta kwa homoni na gharama. Ujuzi huo ulitoka kwa samaki wa kwetu ambaye hakuwa amechanganyika. Ngege wenu, waliokaa peke yao katika ziwa lao, nao ni hazina ya namna hiyo. Ziwa kuu karibu halinao tena. Wa bwawa la Nyumba ya Mungu walipandikizwa huko na watu, na kule wao ndio wageni. Vijiziwa kama chenu ndivyo vimebaki kuwa ghala.

La pili ni kugombania chakula na mahali. Ngege ana mdomo wa kuchagua. Sato anakula vijimea, mabaki ya majani, tope lenye uhai, wadudu, hata vifaranga vya wenzake. Anavumilia maji machafu na hewa kidogo. Akibanwa, anaanza kuzaa akiwa na sentimita 10 hivi, na ndipo unapoona bwawa limejaa visato vingi visivyokua. Wanaoahidi sato wakubwa huonyesha picha za waliofugwa kwa chakula cha dukani na kuvunwa baada ya miezi sita au minane. Ziwani hakuna wa kuwalisha.

La tatu ni magonjwa na abiria. Maji ya mfuko wa vifaranga yanabeba vimelea, mayai ya konokono, na mara nyingi vifaranga vya aina nyingine vilivyochanganywa bila muuzaji kujua. Virusi vinavyoitwa TiLV, vinavyoua jamii ya sato na perege, vilitambuliwa Israeli mwaka 2014, na mwaka 2018 watafiti wakaripoti kuvikuta katika samaki wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda, samaki ambao kwa macho walikuwa wazima. Uingereza walipata samaki mdogo wa Asia, Pseudorasbora parva, aliyesambaa Ulaya akiwa amejificha katika shehena za vifaranga vya karpi. Kwa hiyo hata muuzaji mwaminifu anaweza kukuletea usichokitaka.

Kabla ya mkutano wenu, hakikisheni kwanza kama sato hajafika tayari. Usicheke. Mara nyingi anayeuliza kama apandikize anaishi jirani na mtu aliyekwisha kupandikiza. Kaa mwaloni siku ya mavuno na ukague mkia wa kila samaki wa jamii hii, angalau 100, wa ukubwa tofauti. Sato ana mistari myembamba iliyo wima, iliyopangana kama ngazi, mkia mzima hadi ukingoni. Mkia wa ngege hauna mistari iliyopangana namna hiyo, na kichwa chake ni kidogo kwa mwili. Mbiru ana pindo la rangi ya chungwa au nyekundu kwenye pezi la mgongoni na mkiani. Oreochromis leucostictus ni mweusi, na dume lililokomaa lina madoa meupe tumboni na kwenye mapezi. Ukimpata mwenye mistari iliyokatikakatika, ipo juu ya mkia lakini chini haipo, mshuku kuwa chotara. Kwa vifaranga vya chini ya sentimita 8 usitegemee macho; vinafanana mno.

Mnayemshuku mpigeni picha ubavu wa kushoto, mapezi yametandazwa, rula pembeni. Kisha mkate kipande cha pezi chenye ukubwa wa nusu sentimita, mkiweke katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Spiriti ya kupakaa vidonda imeongezwa maji mengi, haifai. Badilisheni ethanoli baada ya siku moja, maana pezi hutoa maji na kuizimua. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu hufutwa na ethanoli. Osheni mkasi na kuupitisha kwenye moto kati ya samaki na samaki, la sivyo kipimo kitasoma vinasaba vya wawili. Sampuli zipitie kwa Afisa Uvuvi wa wilaya kwenda TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), ambao wana kituo Mwanza.

Mkitaka uchunguzi kamili wa ziwa, zinatumika makila za macho tofauti, kuanzia inchi 1 hadi 5, zikitegwa jioni na kuteguliwa asubuhi katika sehemu kadhaa: ukingoni mwa mafunjo, mchangani, na katikati. Hapa wengi hujikwaa. Nyavu za macho madogo ni haramu kwa uvuvi, na BMU haina mamlaka ya kujiruhusu yenyewe kwa kisingizio cha utafiti. Ombeni kibali, na afisa awepo.

Majibu yakija kwamba sato hayupo, kazi inayofuata ni kuangalia mabwawa yote katika eneo ambalo mvua yake inaishia ziwani. Nchi hii sato anafugwa kihalali na sina ugomvi na mfugaji. Ugomvi wangu ni bwawa linalovuja. Usitulizwe na maneno kwamba vifaranga ni vya dume tupu. Kugeuza jinsia kwa homoni kwa kawaida hufikia asilimia 95 hadi 99. Mfugaji aliyeweka 5,000 kwa asilimia 97 ana majike 150 bwawani. Kila jike linaatamia mamia ya mayai, na linarudia baada ya wiki chache.

Kifaranga kinapoanza kuogelea nje ya mdomo wa mama kina urefu wa karibu milimita 10, hivyo chujio la kutolea maji lisizidi jicho la milimita 1. Wengi huweka chujio la namna hiyo moja kwa moja mdomoni mwa bomba, halafu mvua ya kwanza inaliziba kwa majani, maji yanapanda, yanavuka tuta, na samaki wanaondoka kwa juu wakati chujio likiwa zima kabisa. Dawa yake ni machujio mawili: la kwanza la milimita 5 kuzuia takataka, la pili la milimita 1 likiwa limetengenezwa kama sanduku au pipa lenye eneo kubwa, ili sehemu ikiziba nyingine ipitishe. Lisafishwe asubuhi na jioni masika yote. Tuta liwe juu ya alama ya mafuriko makubwa wanayoyakumbuka wazee wa kijiji kwa angalau nusu mita. Bwawa lililo ndani ya uwanda wa mafuriko halitengenezeki, linahamishwa. Na siku ya kukausha bwawa, maji ya mwisho, yale yenye tope na vifaranga, yasiende kijitoni bali yamwagwe shambani. Vidimbwi vinavyobaki sakafuni vinyunyiziwe chokaa hai, gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba, kisha bwawa liachwe likauke hadi lipasuke. Chokaa hiyo huunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, na usiirushe kinyume na upepo.

Pamoja na machujio yote hayo, njia kuu ya samaki kufika ziwani bado ni ndoo. Mtu amevuna, wadogo hawauziki, anawaonea huruma au anaona ni sadaka kwa ziwa, anawamwaga. Hilo halizuiwi na jicho la milimita 1. Linazuiwa kwa kukubaliana mapema na wafugaji kwamba wadogo wataliwa, watakaushwa, au watauzwa kwa mfugaji mwingine.

Na ikiwa vipimo vimeonyesha sato ameshaingia? Inategemea wamefika wangapi na wako wapi. Wakiwa wachache katika ghuba moja karibu na kijito, fungeni mdomo wa kijito kwa wavu wa jicho dogo, vueni ghuba hiyo kwa nguvu usiku na mchana kwa kibali, mkilenga hasa mashimo ya kutagia kwenye maji ya nusu mita hadi mita 2, na rudieni kila baada ya wiki mbili kabla vifaranga vipya havijasambaa. Kila ngege anayenaswa akiwa hai arudishwe majini. Kazi hiyo iendelee mwaka mzima baada ya sato wa mwisho kuonekana. Nafasi ya kufanikiwa ni ndogo, lakini ipo.

Wakishaenea ziwa zima, hamtawaondoa. Ziwa la Yellowstone, Marekani, waligundua mwaka 1994 kwamba kumeingia trauti mgeni mla samaki. Tangu hapo wamewatoa kwa mamilioni kwa makila, wamefanikiwa kuwapunguza, na bado wanavua. Hiyo ni nchi yenye fedha. Wengine hutumia rotenoni, sumu inayozuia samaki kutumia hewa ya majini. Piga hesabu ya ziwa lenu: hekta 60 kwa mita 3 ni mita za ujazo 1,800,000. Kwa gramu 2 za unga wa rotenoni ya asilimia 5 kwa kila mita ya ujazo, unahitaji tani 3.6, zichanganywe sawasawa hadi ndani ya mafunjo, na zitaua ngege na furu wote mnaotaka kuwaokoa. Kamongo na kambare, wanaopumua hewa ya juu, ndio watakaokuwa wagumu kufa. Ninalitaja ili mtu asije akasema wazee walikuwa wanatumia utupa na samaki wanaisha. Utupa una sumu ya jamii hiyohiyo, kuvua kwa sumu ni kosa la jinai, na kwa ziwa zima hauondoi sato.

Katika hali hiyo ya mwisho jambo la maana lililobaki ni kuwanusuru ngege: chukueni ngege waliothibitishwa kwa vinasaba, muwahifadhi katika bwawa lisilo na sato, mkishirikiana na TAFIRI, kabla uchotara haujakolea.

Turudi kwenye hali bora, kwamba ziwa bado ni safi, maana hilo ndilo swali lako la pili. Anzeni na wavu. Pimeni ngege 100 wa mwaloni, urefu wa kila mmoja, na fungueni midomo na matumbo ya majike. Mtafute urefu ambao nusu ya majike wana mayai. Katika ziwa kuu zamani ngege alianza kuzaa akiwa na sentimita 20 na ushei. Katika vijiziwa huanza mapema zaidi, kwa hiyo msinakili namba ya kwingine. Mkishapata urefu huo, chukueni ngege wenye ukubwa wa kuzidi hapo kidogo, mpime mzingo wa mwili mbele ya pezi la mgongoni kwa uzi, mgawanye kwa 2.5. Jibu ni jicho la wavu likivutwa. Mzingo wa sentimita 20 unatoa sentimita 8, yaani inchi 3 na kidogo. Hesabu hiyo inaonyesha wavu usiomkamata ambaye hajazaa. Ikiwa kanuni zinataka jicho kubwa zaidi, fuateni kanuni. Kokoro (wavu wa kukokota hadi ufuoni) na timba ziondoke kabisa. Kokoro haikamati wadogo tu, inafukua na mashimo ya kutagia, na hasara hiyo haionekani mwaloni.

Halafu mazalia. Tembeeni ukingoni kwa mtumbwi asubuhi ziwa likiwa shwari, mkitafuta mashimo ya mviringo mchangani na makundi ya vifaranga pembeni mwa majani. Wekeni maboya na mfunge angalau theluthi ya maeneo hayo mwaka mzima. Kufunga ziwa zima kwa miezi mitatu kunasikika kuwa na nguvu zaidi, lakini katika maji ya joto ngege huzaa vipindi vingi vya mwaka, na siku ya kufungua watu hurudi na hasira wakachota kilichoongezeka kwa wiki mbili. Eneo dogo lililofungwa mwaka mzima hushinda ziwa zima lililofungwa kwa msimu, ilimradi kuna mtu wa kulilinda usiku.

Vifaranga je? Jike moja la ngege linaweza kuatamia mayai mia kadhaa. Tuseme 300. Majike 100 yakiachwa yazae mara moja tu, hayo ni mayai 30,000, zaidi ya ahadi ya mfanyabiashara wenu, bila mafuta ya gari na bila ugonjwa. Kuzalisha ngege kwa mikono na kuwarudisha kuna maana pale tu ambapo wazazi wamekwisha kabisa. Ikifikia hapo, wazazi watoke ziwa lenu lenyewe, wasipungue madume 50 na majike 50, wavuliwe sehemu mbalimbali ili msirudishe watoto wa familia moja, na bwawa liwe halijawahi kufuga sato, au limekaushwa na kutiwa chokaa kama nilivyoeleza. Waachiwe wakiwa na gramu 5 hadi 10, jioni, kando ya majani. Mfuko uelee ziwani dakika 20, kisha maji ya ziwa yaongezwe humo kidogokidogo kabla ya kuufungua.

Ngege wakubwa hawatarudi mwezi ujao. Mkibadilisha nyavu leo, miezi sita ya mwanzo mapato yatashuka, kwa sababu wale wadogo mliokuwa mnavua sasa wanapita. Waambieni wanachama hilo waziwazi kabla ya kupiga kura. BMU nyingi huvunjika katika miezi hiyo, watu wakidhani mpango umeshindwa kumbe ndio umeanza. Andikeni kila siku ya mavuno idadi ya nyavu, kilo, na urefu wa samaki 20 waliochukuliwa bila kuchagua. Urefu wa wastani utaanza kupanda kabla ya kilo, na ndio wa kuwaonyesha watu kwenye mkutano.

Kuhusu mfanyabiashara, msimfukuze. Kupandikiza samaki katika maji ya asili kunahitaji idhini ya mamlaka ya uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na yeye wala nyinyi hamna idhini hiyo. Mwelezeni hivyo kwa barua, nakala kwa Afisa Uvuvi wa wilaya, ili vifaranga visije vikafika usiku kwa mlango mwingine. Kama nia yake ni biashara ya sato, apewe eneo la bwawa upande ambao maji yake hayateremki kwenu, na wanachama wanaotaka kufuga wajiunge naye huko.